Kuchapisha makala katika jarida la kitaaluma: maswali tunayoulizwa kila muhula

Aliyeandika majibu haya amesaidia kuhariri jarida dogo la chuo kwa miaka kadhaa, amehakiki makala za wengine (yaani kuzisoma na kuzipima kabla hazijachapishwa), na zake mwenyewe zimerudishwa mara nyingi tu. Wanaouliza zaidi ni wanafunzi wa uzamili na uzamivu walioambiwa hawatahitimu bila makala iliyochapishwa, na wahadhiri wasaidizi wanaosubiri kupanda cheo. Wote wana haraka, na haraka hiyo ndiyo inayowaliza wengi. Kwa hiyo tunaanza na maswali yanayotokana nayo.

Nimepata barua pepe kutoka jarida fulani, inanisifu na kuniomba makala. Nijibu?

Usijibu kwanza. Isome tena taratibu. Inakuita profesa ilhali uko mwaka wa kwanza wa uzamili. Inasema wahariri wamefurahishwa mno na kazi yako, lakini jarida ni la famasia na wewe uliandika kuhusu ngeli za nomino. Inaahidi majibu ndani ya saa 72, na mwisho wa kutuma ni Ijumaa hii. Mhariri wa jarida la kweli hana nafasi ya kuwasaka wanafunzi asiowajua. Ana rundo la makala ambazo bado hajapata wa kuzihakiki.

Barua hizo hutumwa kwa maelfu. Ukishachapisha makala moja au kuwasilisha kwenye kongamano, anwani yako inabaki mtandaoni, na zipo programu zinazozoa anwani usiku na mchana. Hakuna aliyekuchagua.

Mialiko ya kweli ipo, ila ni michache na haifanani na hiyo. Kwa kawaida mwalikaji ni mtu aliyekusikia ukiwasilisha, anataja hoja yako kwa usahihi, na jina lake linapatikana kwenye tovuti ya chuo chake. Ukiwa na shaka, mwandikie kwa anwani iliyoko kwenye tovuti ya chuo, si ile iliyoko kwenye mwaliko, umuulize kama ni yeye.

Basi nitalijuaje jarida la kitapeli?

Hakuna alama moja inayotosha. Wengi hukimbilia kuangalia kama jarida lina ISSN. Ile ni namba ya utambulisho tu, tarakimu nane, inayosimamiwa na kituo kilichoko Paris pamoja na vituo vya kitaifa. Gazeti la udaku linaweza kuwa nayo. Haisemi lolote kuhusu ubora.

Tazama haya kwa pamoja. Soma makala tatu zilizokwishatoka, kwa makini kabisa, kama unamsahihishia mwanafunzi. Ukikuta ikisiri, yaani muhtasari wa makala, ina makosa ya sarufi kila mstari na marejeo hayalingani na yaliyotajwa ndani, umeshapata jibu. Chagua majina mawili ya wajumbe wa bodi ya wahariri, uwaandikie kuuliza kama wanajua kwamba wamo. Usishangae mmoja akijibu kuwa ndiyo kwanza anasikia. Tazama upana wa mada: jarida linalopokea uhandisi, uuguzi, fasihi na uvuvi katika toleo lilelile linatafuta ada tu. Halafu tazama malipo yanakwenda wapi. Ukitumiwa akaunti ya mtu binafsi, funga ukurasa.

Kama wanadai wamo katika Scopus au Web of Science, orodha za kimataifa za majarida, usiamini nembo iliyobandikwa kwenye tovuti yao. Nenda kwenye orodha ya Scopus yenyewe, ambayo iko wazi bila malipo, utafute kwa ISSN. Angalia pia miaka: jarida linaweza kuwa lilikuwemo kisha likaondolewa, na wenyewe wakaacha nembo palepale. Kuhusu kile kipimo maarufu cha wastani wa kunukuliwa, kinachoitwa impact factor, anayekitoa ni kampuni ya Clarivate pekee. Vipo vya bandia vyenye majina yanayokaribiana nacho, na huuzwa.

Kuna utapeli wa hali ya juu zaidi: tovuti iliyonakili jina, ISSN na jalada la jarida halisi. Hapo hata mtu makini hupigwa. Dawa yake ni kuifikia tovuti kupitia ukurasa wa taasisi inayomiliki jarida, si kupitia kiungo ulichotumiwa.

Ukidhani haya ni woga wa bure, kumbuka jaribio la mwaka 2013. Mwandishi wa habari wa jarida la Science, John Bohannon, alitunga makala ya kisayansi yenye makosa ya wazi, akaituma kwa majarida 304 ya ufikiaji huria, yaani yanayosomwa bure, kwa majina ya watafiti ambao hawapo. Mmojawapo alidaiwa kutoka taasisi ya tiba ya Asmara, ambayo nayo haipo. Majarida 157 yaliikubali, 98 yakaikataa. Mwaka 2017 watafiti wa Poland walimbuni msomi aitwaye Anna O. Szust, jina lililotokana na neno la Kipolandi lenye maana ya tapeli, wakamwombea kazi ya uhariri kwa majarida 360. Majarida 48 yalimpa.

Na upande wa pili: jarida maskini si jarida la kitapeli. Tovuti ya kizamani, toleo lililochelewa miezi sita, mhariri anayejibu kwa simu yake mwenyewe, hizo ni dalili za jarida la chuo lisilo na bajeti. Tumeona watu wakilikimbia jarida la kwao kwa sababu ya tovuti, wakaenda kulipia lenye tovuti ya kumeremeta.

Nimeshatuma, wameikubali baada ya siku nne, sasa wanataka dola. Naweza kujitoa?

Unaweza, na ufanye leo. Mambo mawili usiyafanye: usilipe, na usisaini fomu ya kuhamisha hakimiliki. Andika barua pepe fupi isiyo na hasira: unaiondoa makala yenye kichwa fulani, hukutoa wala hutoi idhini ichapishwe, na unaomba uthibitisho wa maandishi. Hifadhi nakala ya kila kitu. Mara nyingi watakujibu kwamba kuna ada ya kuiondoa. Usilipe hiyo nayo. Watatishia kukupeleka mahakamani. Hatujaona waliofika huko. Mwaka 2019 walioamriwa kulipa walikuwa wao: mahakama ya shirikisho ya Marekani iliiagiza OMICS, kampuni ya uchapishaji ya Hyderabad nchini India, ilipe zaidi ya dola milioni 50 kwa kuwadanganya waandishi kuhusu uhakiki na ada.

Tatizo kubwa ni pale makala inapokuwa imeshatoka. Jarida la heshima halitapokea kazi iliyokwishachapishwa, hata kama ilichapishwa na matapeli. Data ulizokusanya mwaka mzima kwenye jua la Dodoma zimeungua. Hela unaweza kuitafuta tena. Data zile huzipati. Ikikufika hivyo, mweleze msimamizi wako mapema, peleka barua zako kwa kamati ya uzamili, na ukipata jarida jingine lieleze ukweli wote kabla ya kutuma. Baadhi ya wahariri husikiliza, hasa kama una ushahidi kwamba ulijitoa kabla makala haijatoka.

Kwa hiyo kila jarida linalodai ada ni tapeli?

Hapana. Majarida ya ufikiaji huria humruhusu msomaji asome bure, na gharama inabidi ibebwe na mtu. Wengine humtoza mwandishi, na viwango vingine vinatisha: jarida la sayansi la Nature lilipofungua njia hiyo mwaka 2021 lilianza na euro 9,500 kwa makala moja. Kwa mhadhiri wa kwetu huo ni mshahara wa miezi mingi, na mimi sioni kama kuna makala yenye thamani hiyo.

Lakini zipo njia. Katika DOAJ, orodha ya majarida ya ufikiaji huria iliyoanzishwa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, mwaka 2003, zaidi ya nusu ya majarida hayamtozi mwandishi kitu. Unaweza kuchuja orodha yao uone hayo tu. Wachapishaji wakubwa wengi wana msamaha kamili au punguzo kwa waandishi wa nchi za kipato cha chini. Uombe unapotuma makala, kabla haijakubaliwa. Ukisubiri hadi ankara ije, wengi watakwambia muda umepita. Na majarida ya vyuo vyetu, yanayodai shilingi kidogo za uhariri na kutoa risiti ya chuo, hayana ubaya wowote.

Nitasoma wapi makala za wengine bila kulipia?

Anza na maktaba ya chuo chako: uliza kama kimesajiliwa Research4Life, mpango ulioanza mwaka 2002 kwa majarida ya afya chini ya Shirika la Afya Duniani, WHO, na sasa unagusa kilimo, mazingira, sheria na teknolojia. Vyuo vingi vimesajiliwa na wanafunzi hawajui, kwa sababu nenosiri liko kwa mkutubi mmoja. Kwa majarida ya Afrika nenda kwenye tovuti ya AJOL, yenye makao Makhanda, Afrika Kusini. Ukikwama kabisa, mwandikie mwandishi. Wengi hufurahi kusikia kwamba kuna mtu duniani anataka kusoma walichoandika.

Nimetuma miezi mitano iliyopita, kimya. Niandike?

Andika. Miezi mitatu hadi sita ni kawaida katika sayansi za jamii na lugha, kwa sababu wahakiki hawalipwi. Mhariri huomba watu sita, watatu hawajibu, mmoja anakataa, mmoja anakubali kisha anasafiri kwenda msibani. Barua yako iwe ya mistari mitatu: namba ya makala, tarehe uliyotuma, na ombi la kujua imefikia hatua gani. Usipojibiwa ndani ya mwezi, kumbushia mara moja tena, kisha uandike kwamba unaiondoa. Usiipeleke kwingine kabla ya hapo.

Je, nikituma kwa majarida mawili kwa pamoja, nione lipi litawahi?

Hapana. Wahakiki wa eneo moja ni walewale, na makala yako itatua kwa mtu mmoja mara mbili.

Mhakiki wa pili amenishambulia vibaya. Nimjibuje?

Soma maoni, funga kompyuta, kaa siku mbili. Barua inayosema "rekebisha sana kisha utume tena" ni habari njema, ingawa siku ya kwanza haionekani hivyo. Mhariri asiyeitaka makala yako angeshaikataa.

Kisha tengeneza waraka wa majibu. Nakili kila hoja ya mhakiki, uipe namba, na chini yake uandike ulichofanya na kiko wapi. Kwa mfano:

"Mhakiki wa 2, hoja ya 3: Haijaelezwa jinsi kaya zilivyoteuliwa. Jibu: Tunashukuru. Tumeongeza aya ukurasa wa 7, mstari wa 12 hadi 20, inayoeleza kwamba kaya 40 ziliteuliwa kwa bahati nasibu kutoka daftari la kijiji."

Hivyo tu. Usimwandikie mhakiki insha ya shukrani, na usimfundishe adabu. Usipokubaliana naye, sema hivyo na utoe sababu au marejeo. Hilo ni haki yako na mhariri hulipima. Kitu kinachoudhi ni jibu la "imerekebishwa" pasipo kuonesha wapi, na mhariri akafungua akakuta neno moja limebadilishwa. Kama mhakiki anakushinikiza unukuu makala zake tano zisizohusiana na mada, mwandikie mhariri kwa faragha. Huo ni utovu wa maadili na wahariri wanaujua.

Msimamizi wangu anataka jina lake litangulie. Hakuandika hata aya.

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini. Mwongozo unaotumika sana, wa kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, una masharti manne ambayo mwandishi lazima ayatimize yote: awe amechangia kwa uzito katika wazo, ukusanyaji au uchambuzi wa data, awe ameandika au kuhakiki rasimu kwa kina, aidhinishe nakala ya mwisho, na akubali kuwajibika kwa kazi hiyo. Kutafuta fedha peke yake hakumfanyi mtu mwandishi, wala kuwa mkuu wa idara.

Hayo ni maandishi. Katika maisha, msimamizi ndiye anayesaini tasnifu yako, na anayekuambia ukamkabili pengine hajawahi kuwa mwanafunzi. Ushauri wetu: lizungumzeni mapema, kabla hujaandika, na baada ya kikao mtumie barua pepe ya heshima: "Mwalimu, nashukuru kwa kikao cha leo. Kama tulivyokubaliana, mimi nitakuwa mwandishi wa kwanza na wewe wa pili." Maandishi hayo yamewaokoa wengi. Ukiwa umeshachelewa, tumia ofisi ya uzamili. Mhariri wa jarida hataamua ugomvi huo. Ataisimamisha makala hadi mpatane.

Kuna mtu ananiuzia nafasi ya mwandishi wa tatu katika makala iliyokwishakubaliwa. Bei si mbaya.

Hicho ni kiwanda cha makala. Huzalisha tafiti za kubuni, huchomeka majina ya waliolipa, na kuzipitisha kupitia matoleo maalumu yenye wahariri waalikwa wasiokaguliwa. Hindawi, kampuni ya uchapishaji iliyoanzia Cairo na kununuliwa na kampuni kubwa ya Wiley mwaka 2021, ilibatilisha makala zaidi ya 8,000 ndani ya mwaka 2023 pekee, na baadaye jina lenyewe likazikwa. Kila moja ya makala hizo bado ipo mtandaoni ikiwa na neno la kubatilishwa juu yake na majina ya waandishi chini yake. Atakayekutafuta kwa ajili ya kazi atalikuta hilo kwanza.

Naruhusiwa kutumia akili mnemba?

Inategemea jarida, kwa hiyo soma masharti yake kwanza. Yanayokubaliwa na karibu wote ni haya: programu haiwezi kuwa mwandishi, kwa kuwa haiwezi kuwajibika, ukiitumia useme umeitumia wapi, na kila kosa ni lako. Kunyoosha Kiingereza hakuna anayekulaumu. Kuiachia iandike mapitio ya maandiko ni kujichimbia kaburi, kwa sababu inabuni vitabu. Tumewahi kupokea makala ya isimu yenye marejeo saba ambamo manne hayapo, ila majina ya waandishi ni ya wataalamu halisi wa Kiswahili, mmoja wao akiwa ofisi ya jirani. Picha nazo zimeleta aibu: Februari 2024 jarida moja la kampuni ya Frontiers lilichapisha mchoro wa panya mwenye viungo vya ajabu na maandishi yasiyosomeka, uliotengenezwa na mashine, likaibatilisha makala siku chache baadaye. Wahakiki wawili walikuwa wameipitisha.

Ukiombwa kuhakiki, usiingize makala ya mwenzako kwenye programu hizo. Umeaminiwa siri.

Programu ya kukagua wizi wa maandishi imeonesha mfanano wa asilimia 31. Nimekwisha?

Namba peke yake haisemi kitu. Fungua ripoti uone ni nini kimefanana. Kama ni orodha ya marejeo, jina la chuo na tasnifu yako mwenyewe iliyoko kwenye hazina ya mtandaoni ya chuo, mweleze mhariri. Kama ni aya nzima ya mtu mwingine bila kutajwa, hata asilimia 4 ni wizi. Kubadilisha neno mojamoja ili programu isione hakukufanyi uwe umeandika.

Je, makala ya Kiswahili inahesabika?

Inahesabika kama jarida linahakikiwa, na yapo. Jarida liitwalo Kiswahili, la Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI), Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, limetokana na jarida la Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki lililoanza mwaka 1930. Mulika na Kioo cha Lugha yapo, na Swahili Forum inatoka Ujerumani, husomwa bure. Chukua kanuni za upandishaji vyeo za chuo chako uzisome mwenyewe. Wengi wanaosema Kiswahili hakihesabiki hawajazifungua.

Tatizo la kweli ni kwa wanasayansi. Majarida ya Kiswahili yameegemea lugha na fasihi, hivyo mtaalamu wa udongo hana pa kupeleka. Anachoweza kufanya ni kuomba ikisiri ya Kiswahili iwekwe pamoja na ile ya Kiingereza. Baadhi ya wahariri hukubali, wengine hawajawahi kuombwa. Ukitaka kutafsiri makala yako nzima, omba ruhusa kwa mwenye hakimiliki na useme wazi kwamba ni tafsiri.

Niandike jina langu vipi?

Vilevile kila mara. Huku kwetu Juma Ali Juma ni wengi, na ukiandika leo Juma A. Juma, kesho J. Ali, mitambo itakugawa kuwa watu wawili. Wanawake walioolewa nao huuliza kama wabadilishe; ushauri wetu ni kubaki na jina la makala ya kwanza. Jisajili ORCID, namba ya kumtambulisha mtafiti, ya tarakimu 16 isiyo na malipo, uiweke kwenye kila makala.

Makala imetoka. Nifanye nini sasa?

Soma mkataba uone ni nakala ipi unaruhusiwa kuweka mtandaoni. Mara nyingi ni ile iliyokubaliwa kabla ya kupangwa kurasa. Iweke kwenye hazina ya chuo. Ukiona kosa, hata dogo, mwandikie mhariri atoe sahihisho; sahihisho si fedheha.

Kisha andika ukurasa mmoja wa Kiswahili cha kawaida: mliuliza nini, mlipata nini. Kama waliokupa majibu walikuwa wavuvi wa Kilwa Kivinje, chapa nakala ishirini, umpelekee mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kikundi cha ulinzi wa bahari. Nenda nazo mwenyewe ukiweza. Watakuuliza maswali ambayo mhakiki wa pili hakuyafikiria.